Busheli ya Makaa, Lita ya Petroli, Rababendi Moja: Historia ya Mashindano Yanayofundisha Nishati

Mwaka 1966 mwanafizikia Richard Feynman alisimama mbele ya walimu wa sayansi wa Marekani, mjini New York, akawasimulia habari za kitabu kimoja cha darasa la kwanza. Kitabu kilionyesha mbwa wa bandia anayejazwa kwa ufunguo, kisha mbwa wa kweli, kisha pikipiki, na kwa kila picha kikamwuliza mtoto: ni nini kinachokifanya kitu hiki kiende? Jibu lilikuwa moja kwa zote, nalo ni nishati. Feynman alilikataa jibu hilo kwa ukali. Kwake, mtoto aliyelikariri hajajifunza lolote, kwa sababu neno hilohilo lingeweza kujibu swali la kwa nini kitu kimesimama sawa na swali la kwa nini kinakwenda. Afadhali kumfungua yule mbwa wa bandia na kumwonyesha mtoto springi iliyokazwa na meno ya magurudumu yanavyoshikana. Alipendekeza pia jaribio ambalo kila mwalimu angelifanya leo: mtake mwanafunzi aeleze alichojifunza bila kulitaja lile neno jipya. Akishindwa, amepata jina la kitu tu, kitu chenyewe hakijui.

Mashindano ya uhandisi ya wanafunzi, ambayo siku hizi yamo katika shule na vyuo vya karibu kila bara, mara nyingi husifiwa kuwa dawa ya ugonjwa huo. Mpe mwanafunzi mbao, waya na springi, mwambie aunde chombo kinachokwenda, naye ataelewa. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba mikono ikishughulika, akili hufuata. Naona maelezo hayo yameishia njiani. Watoto wa Afrika Mashariki wameunda magari ya waya na makopo kwa vizazi, kwa ustadi unaostahili heshima, na bado wakifika sekondari sura ya nishati huwatatiza kama inavyomtatiza mwenzao ambaye hajawahi kushika koleo. Kinachofundisha nishati katika shindano ni kanuni yake: kila mshindani anapewa kiasi kilekile cha nishati, kiasi hicho kinapimwa mbele ya wote, na hukumu inatolewa kwa kazi aliyoipata kutokana nacho. Kanuni hiyo ikikosekana, shindano linaweza kufundisha mambo mengi mema, lakini nishati haitakuwa mojawapo. Nayo haikuzaliwa shuleni. Ni kongwe kuliko fizikia ya nishati yenyewe, na ukongwe huo ndio ushahidi wangu wa kwanza.

Cornwall, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, ilikuwa na bati na shaba nyingi ardhini lakini haikuwa na makaa ya mawe. Migodi ilivyozidi kwenda chini ndivyo ilivyojaa maji, na maji hayo yalivutwa kwa pampu zilizoendeshwa na injini za mvuke, zilizokula makaa yaliyoletwa kwa meli kutoka Wales. Kila ratili ya makaa iliuma mfukoni. James Watt na mshirika wake Matthew Boulton walikuwa wakiwatoza wenye migodi theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa na injini zao, zikilinganishwa na zile za zamani za Newcomen, kwa hiyo tangu mwanzo biashara hiyo haikuwezekana bila kupima. Hataza ya Watt ilipokwisha mwaka 1800, watu wake wakaondoka, injini zikakosa matunzo na makaa yakazidi kuteketea. Mwaka 1811 wenye migodi wakamwajiri Joel Lean, mwenyewe msimamizi wa migodi mwenye uzoefu, azikague injini zao na kuchapisha taarifa kila mwezi. Taarifa ya kwanza, ya Agosti mwaka huo, ilikuwa na injini nane tu. Lean alifariki mwaka uliofuata, wanawe wakaiendeleza kazi, na taarifa hizo ziliendelea kutoka hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Swali lililoulizwa na taarifa za akina Lean lilikuwa moja na halikubadilika: kwa busheli moja ya makaa, yaani ratili 94, injini hii imeinua ratili ngapi za maji kwa kimo cha futi moja? Kihesabio kilichofungiwa ndani ya kisanduku kilihesabu mapigo ya mashine, ili mtu asidanganye. Pembeni mwa jibu zilipangwa safu za maelezo: kipenyo cha silinda, mzigo, idadi ya mapigo, makaa yaliyotumika, jina la mhandisi. Mwanzoni wastani haukufika milioni 20. Katika miaka ya 1820 Samuel Grose akaanza kuzivika mabomba na silinda mavazi mazito ya kuzuia joto lisitoroke, na mwaka 1828 injini yake ya mgodi wa Wheal Towan ikapita milioni 80. Mwaka 1835 injini ya mgodi wa Fowey Consols, kazi ya William West, ilijaribiwa mbele ya mashahidi ikafika milioni 125. Tukumbuke kwamba wakati huo hakuna mtu Cornwall aliyekuwa na somo la nishati. Kitabu cha Sadi Carnot kuhusu nguvu ya moto kilikuwa kimechapishwa Paris mwaka 1824 na karibu hakuna aliyekisoma. Sheria ya kuhifadhika kwa nishati ilikuwa bado. Mafundi wale walijifunza kwamba joto huvuja kupitia bomba lililo uchi kwa sababu taarifa ya mwezi iliwaonyesha jirani aliyelivika bomba lake akiinua maji zaidi kwa makaa yaleyale.

Kanuni hiyohiyo ilijitokeza tena zaidi ya karne moja baadaye, safari hii kwa njia ya mzaha. Mwaka 1939, katika maabara ya utafiti ya kampuni ya Shell huko Wood River, jimbo la Illinois, wanasayansi waliwekeana dau: nani ataendesha gari lake mbali zaidi kwa galoni moja ya mafuta? Mshindi alipata maili 49.73, yaani kilometa 21 hivi kwa lita. Dau likawa desturi. Mwaka 1949 gari la Studebaker lilipata karibu maili 150 kwa galoni, na mwaka 1973 Opel ya mwaka 1959 ikapita 376. Mwaka 1985 mchezo huo ulihamia Ufaransa ukiwa shindano la wanafunzi. Tangu hapo magari yalianza kubadilika umbo kabisa: magurudumu matatu membamba, dereva amelala chali, mwili mwembamba unaoukata upepo. Mashindano hayo ya kutafuta umbali kwa mafuta kidogo yamekuwa yakitawaliwa mara nyingi na shule ya sekondari ya ufundi ya La Joliverie, karibu na Nantes, na mwaka 2009 gari lake lililoitwa Microjoule lilifikisha kiwango cha kilometa 3,771 kwa lita moja ya petroli. Wanafunzi wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, kwa gari lao PAC-Car II linalotumia haidrojeni, walikuwa wamefika kiwango cha kilometa 5,385 kwa nishati iliyo sawa na lita moja, huko Ladoux, Ufaransa, mwaka 2005.

Tarakimu hizo zinashangaza, lakini mbinu zilizozileta ndizo zenye mafunzo. Mwanafunzi wa Nantes alilazimika kugundua kwamba injini inayounguruma bila kuvuta mzigo wa kutosha inapoteza mafuta. Kwa hiyo huiwasha kwa sekunde chache, gari likapata mwendo, kisha huizima na kuliacha lijiserereshe mpaka mwendo upungue karibu na kikomo cha chini kinachoruhusiwa. Kwa kufanya hivyo amegeuza petroli kuwa nishati ya mwendo, ameihifadhi ndani ya gari lenyewe, na sasa anaitumia kidogokidogo kulipa deni la msuguano wa matairi na upinzani wa hewa. Mambo hayo yote yamo katika silabasi. Tofauti ni kwamba hapa kila moja lina bei inayohesabika kwa mililita. Aliyekaza breki bila sababu anajua ametupa nini, na aliyeitia hewa tairi lake ipasavyo anajua ameokoa nini.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda kuliko yote ni mdogo na wa bei nafuu zaidi. Mwaka 1979 televisheni ya BBC ilianzisha kipindi kilichoitwa The Great Egg Race. Kazi ya mwanzo waliyopewa washindani ilikuwa kuunda chombo cha kubeba yai moja bila kulivunja, kwenda mbali iwezekanavyo, kwa nishati ya rababendi moja. Mwamuzi, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa sura ya kipindi, alikuwa Heinz Wolff, mwanasayansi wa uhandisi wa tiba aliyezaliwa Berlin mwaka 1928 na kuingia Uingereza akiwa mtoto mkimbizi siku ileile vita vilipotangazwa, tarehe 3 Septemba 1939. Washindani wa televisheni walikuwa watu wazima, lakini shule za Uingereza ziliichukua desturi hiyo, hata jina la mbio za yai likatumika kwa aina nyingi za mashindano ya ufundi darasani. Baadaye kipindi kiliacha rababendi, kikawa cha timu kupewa kazi tofautitofauti na lundo la vifaa. Kilidumu hadi 1986 na kilifurahisha sana. Kwa kufundisha nishati, lakini, naona msururu ule wa kwanza haukupata mrithi.

Sababu ni hii. Rababendi iliyovutwa imebeba nishati kidogo yenye mpaka. Chombo kikisafiri kwenye sakafu tambarare, hakipandi mlima na mwishowe kinasimama, maana yake ni kwamba nishati yote iliyotoka kwenye rababendi imelipwa kwa msuguano na hewa. Umbali kilioufikia ni nishati hiyo ikigawanywa kwa nguvu ya upinzani, basi. Futikamba ya fundi imekuwa chombo cha kupimia nishati. Mwanafunzi akitaka kwenda mbali zaidi hana njia ya kuongeza chochote upande wa kwanza wa hesabu, kwa hiyo analazimika kuushughulikia upande wa pili: magurudumu makubwa na mepesi, ekseli nyembamba, mzigo mdogo, nishati kuachiliwa polepole ili magurudumu yasiteleze bure. Kisha kuna jambo lenye kina zaidi ambalo rababendi yenyewe inalificha. Haiirudishi nishati yote iliyotiwa ndani yake. Sehemu inageuka joto kila inapovutwa na kuachiwa. John Gough wa Kendal, msomi aliyekuwa kipofu tangu utotoni, alieleza mwaka 1805 kwamba mpira ukivutwa ghafla na kugusishwa mdomoni husikika umepata moto, na ukiachiwa husikika umepoa. Jaribio hilo halihitaji maabara. Darasa zima linaweza kulifanya kwa dakika moja, nalo linamfungulia mwanafunzi mlango wa kutoka kwenye uhandisi na kuingia kwenye nadharia ya joto.

Ili kuona kwamba kanuni ndiyo yenye kazi, tazama mashindano yaliyoiacha. Katika miaka ya 1970 Woodie Flowers, mwalimu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, aliligeuza somo la usanifu wa mashine kuwa shindano: kila mwanafunzi alipewa mfuko wa vifaa vilevile na kazi ileile, na mwisho wa muhula mashine zilipambana mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Mfuko ule uliwafunga wote kwenye kiasi kimoja cha vifaa, na vijana walijifunza usanifu kwa kina. Kutoka katika mazingira hayo, mvumbuzi Dean Kamen alianzisha taasisi ya FIRST mwaka 1989, Flowers akiwa mshauri wake wa karibu, na mwaka 1992 timu 28 zilishindanisha roboti zao katika ukumbi wa shule ya sekondari huko New Hampshire. Leo ni harakati ya dunia nzima, na imewaleta wasichana na wavulana wengi kwenye uhandisi. Lakini mechi ya roboti hizo ni ya dakika mbili na kidogo, na betri hubadilishwa kati ya mechi moja na nyingine. Roboti anayepoteza nusu ya umeme wake kwa joto anaweza kumshinda mwenzake asiyepoteza, mradi ana kasi. Kwa hiyo vijana wanatoka wakijua udhibiti, programu, gia na kazi ya pamoja, na hilo si jambo dogo. Nishati kwao imebaki kitu kinachochomekwa ukutani usiku.

Shindano la magari ya jua la Australia linathibitisha jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Hans Tholstrup, baada ya kuvuka bara hilo kutoka Perth hadi Sydney kwa gari la jua akiwa na Larry Perkins mwishoni mwa 1982 na mwanzoni mwa 1983, alianzisha mbio za kutoka Darwin hadi Adelaide, kilometa 3,000 hivi, zilizofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Betri iliruhusiwa kuanza na kiasi kidogo kilichowekewa mpaka. Nishati nyingine yote itoke kwenye jua au kwenye mwendo wa gari lenyewe. Sunraycer ya General Motors ilishinda kwa wastani wa kilometa 67 kwa saa. Kufikia 2005 wanafunzi wa Delft, Uholanzi, kwa gari lao Nuna 3, walikuwa wanakaribia wastani wa kilometa 103. Waandaaji walifanya nini walipoona vijana wamekuwa hodari kupita matarajio? Walipunguza paneli: kutoka mita za mraba 8 za mwanzo hadi 6 mwaka 2007, kisha 4 mwaka 2017 kwa paneli za silikoni. Ukibana nishati, fikra hurudi kazini. Mwanafunzi aliyepunguziwa jua analazimika kujua kwamba nguvu inayohitajika kuipasua hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, na kwamba mwendo wa kasi moja tangu asubuhi hadi jioni ni nafuu kuliko kukimbia na kupunguza.

Sasa nijibu pingamizi, na la kwanza ni zito. Mtu anaweza kushinda bila kuelewa. Atajaribu magurudumu madogo, kisha makubwa, kisha ya kati, atachukua yaliyofika mbali, na mwisho atapewa zawadi huku hajui kwa nini. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walichapisha makala iliyosomwa sana, wakidai kwamba kumwachia mwanafunzi mchanga agundue mwenyewe bila uongozi kunalemea akili yake na kumwacha bila maarifa ya kudumu. Sioni njia ya kuipuuza hoja hiyo, na kwa kweli historia niliyoieleza inaiunga mkono. Injini za Cornwall zilikuwepo kwa miongo mingi kabla ya 1811 na mafundi walikuwa wakizichezea kila siku. Maendeleo ya haraka yalikuja daftari lilipokuja. Safu za akina Lean ndizo zilizompa fundi uwezo wa kulinganisha jambo moja na jingine, kutenganisha sababu, na kuuliza. Kwa hiyo shindano la darasani linalotaka kufundisha lazima liwe na daftari lake: kabla ya kuachia chombo, mwanafunzi aandike kitafika wapi na kwa nini, kikisimama, aandike nishati iliyobaki njiani imekwenda wapi, na madaftari ya timu zote yasomwe kwa sauti. Mwalimu hapo hana likizo. Kazi yake ni nzito kuliko ya kuhutubia ubaoni.

Lakini sikubali nusu ya pili ya pingamizi hilo, ile inayosema kwamba kushika vifaa kwenyewe ni kupoteza wakati. Ushahidi mmoja ulio karibu nasi unatoka Kenya. Katika miaka ya 1960 Programu ya Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na waelimishaji wa Massachusetts, ilipeleka katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, masomo ya kuchunguza wadudu, mimea na vitu vya kila siku. Eleanor Duckworth, aliyekuwa amesoma kwa Jean Piaget huko Geneva, aliombwa atathmini kama masomo hayo yana faida. Badala ya kuwapa watoto karatasi ya maswali, aliwaweka chumbani na vifaa mbalimbali, wakiwa makundi madogo, akaangalia wanafanya nini navyo. Watoto waliotoka katika madarasa ya programu walibuni mambo mengi zaidi na yenye ugumu zaidi kuliko wenzao. Duckworth aliona hapo kitu ambacho mtihani wa kawaida haukioni: mtoto aliyezoea vifaa ana maswali. Na daftari la nishati halina maana mikononi mwa mtoto asiye na swali. Uzoefu wa mikono unalima shamba. Kipimo ndicho kinachopanda.

Pingamizi la pili ni la fedha. Sunraycer haikutoka kwenye karakana ya shule, na mwaka 2001 Nuna ya kwanza ilitumia seli za jua za aina zilizotengenezwa kwa ajili ya satelaiti. Je, si mashindano ya matajiri? Baadhi ndiyo. Kanuni ya kipimo, hata hivyo, ndiyo silaha pekee ninayoijua dhidi ya utajiri, kwa sababu inaweza kuandikwa upya: seli za bei ghali zikatengewa eneo dogo zaidi kuliko silikoni, na mwenye pesa akapoteza sehemu ya faida yake. Kwa shule ya kata ya Tanzania au ya kaunti huko Kenya, jibu liko karibu zaidi kuliko Australia. Jiko la mkaa lenye bitana ya udongo wa kuchoma, ambalo mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walijifunza kuliunda mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilipatikana kwa kanuni hiihii: mkaa uliopimwa, maji yaliyopimwa, na swali la nani amechemsha zaidi. Watafiti wa majiko waliliwekea jaribio hilo taratibu za kimataifa mwaka 1982. Wape wanafunzi udongo, bati la debe na gramu 200 za mkaa kwa kila timu. Mkaa huo ukiungua wote unatoa takriban kilojuli 6,000. Kuchemsha lita mbili za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 670 hivi. Timu itakayochemsha lita mbili tu italazimika kueleza zile sehemu tisa katika kumi zilikokwenda. Itakayofunika sufuria itagundua kwamba kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula zaidi ya mara sita ya nishati iliyohitajika kuyafikisha hapo. Sijui chombo cha maabara cha bei hiyo chenye fizikia nyingi hivyo.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu linagusa kiini cha kanuni ninayoitetea. Nishati haiishi. Ndivyo sheria inavyosema. Shindano la kiasi kilichofungwa, kinyume chake, humzoeza mwanafunzi kuona rababendi inalegea, tangi linakauka, mkaa unakuwa majivu, na kuamini kwamba nishati imekwisha. Joan Solomon, aliyechunguza mawazo ya wanafunzi wa Uingereza katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba vijana huishi na maana mbili za nishati bila kuzipatanisha: ya nyumbani, ambayo inatumika na kuisha, na ya darasani, ambayo inahifadhika. Mkosoaji atasema shindano linaipa nguvu ile ya nyumbani. Kwa shindano lisilo na daftari, ana haki. Lakini maana ya nyumbani si ujinga. Inaeleza jambo la kweli, kwamba nishati iliyosambaa kama joto hewani haiwezi kuinua maji tena. Wanafizikia walihitaji sheria nzima ya pili ya nadharia ya joto kulisema hilo. Mwanafunzi hapaswi kunyang'anywa maana hiyo. Anapaswa kusukumwa aulize hatua inayofuata, na aliyeshindwa katika shindano ana hamu ya kuuliza kuliko aliyeshinda.

Mtu aliyeuliza kwa niaba yetu sote alikuwa mshindani aliyeshindwa. James Prescott Joule, kijana wa familia ya watengeneza bia karibu na Manchester, alianza mwaka 1838 kuunda mota za umeme wa betri, akitumaini zingeipiku injini ya mvuke. Kwa kuwa aliishi katika nchi ya Cornwall na Lean, alijua namna ya kupima matumaini yake. Mwaka 1841 aliweka hesabu hadharani: ratili moja ya zinki iliyoliwa ndani ya betri yake ilimpa, kwa kiwango cha juu kabisa, uwezo wa kuinua ratili 331,400 kwa futi moja, wakati ratili moja ya makaa katika injini bora za Cornwall iliinua 1,500,000 hivi, na zinki ilikuwa ghali mno kuliko makaa. Mota ilikuwa imeanguka. Joule hakuacha hapo. Aliigeukia ile sehemu ya kazi iliyopotea na kuitafuta ilikokwenda, kwanza katika nyaya zilizopata moto, kisha katika maji yaliyokorogwa na pangaboi lililoendeshwa na uzito unaoshuka. Kila palipopotea kazi alikuta joto, na uwiano wake ulikuwa uleule. Mwaka 1850 Jumuiya ya Kifalme ya London ilichapisha jibu lake kwa vipimo vilevile vya ratili na futi walivyotumia wenye migodi: kazi ya kushusha ratili 772 kwa futi moja inatosha kuipasha ratili moja ya maji digrii moja ya Farenhaiti.